Usimuulize mkulima kama utabiri ulimsaidia

Kazi yangu ya kwanza ya kukusanya takwimu ilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, Dodoma. Tulipewa dodoso nene, na mahali fulani katikati palikuwa na swali: "Je, taarifa za hali ya hewa zilikusaidia?" Ndiyo, hapana, sijui. Kwa siku nne niliweka vema kwenye "ndiyo" mpaka kalamu ikaisha wino. Nikajiona nimekuja na habari njema. Siku ya mwisho, mama mmoja aliyetukaribisha karanga za kukaanga akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, ningesema hapana mngerudi?"

Swali hilo sijalitumia tena. Na wewe uliyepewa kazi ya kupima manufaa ya taarifa hizi, uwe afisa ugani, mwanafunzi au mtu wa mradi, ningekusihi ulifute kabla hujapanda pikipiki.

Mimi huanzia shambani. Lile shamba la bondeni mwaka huu umepanda nini? Mwaka jana lilikuwa na nini? Mbona umebadilisha? Halafu nanyamaza. Utabiri ukitokea wenyewe mdomoni mwake, naandika. Usipotokea, naandika hivyo pia.

Nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nilikutana na majirani wawili walionivuruga kabisa. Mzee alisema utabiri ulimsaidia sana, tena sana. Tukazunguka shamba lake: ekari tatu za mahindi, kaberega mapema, yaani kapanda bila kulima, kama miaka yote, mbegu ileile. Hakuna alichogeuza. Jirani yake, mama wa makamo, akacheka: "Utabiri? Wala." Lakini tulipokaa jikoni kwake nikaona debe lenye mbegu, nikauliza. Kumbe alisikia redioni kwamba mvua zitasuasua, akapanda nusu ya mbegu na nusu akaiweka. Mvua ya kwanza ilipokatika na miche ikakauka, yeye alikuwa na cha kurudishia huku wenzake wakihangaika kukopa. Kwake huo haukuwa utabiri, ulikuwa utu uzima tu. Dodoso langu la zamani lingemwandika mzee kuwa amenufaika na huyu mama kuwa hakupata kitu.

Jambo la pili: ipime taarifa yenyewe kabla hujampima mkulima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikisema mvua zitakuwa "za wastani", maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Chukua Dodoma mjini, ambako kwa mwaka hunyesha takriban milimita 570. Piga hesabu. Wastani huo unaanzia milimita 430 hivi na kuishia 710. Kwa mtu wa mahindi, 430 ni njaa na 710 ni kuuza magunia. Mkulima akikuambia "walisema wastani, nikapanda kama kawaida", usiandike kwamba ana mwamko mdogo. Ameelewa kuliko wewe.

Tena jumla ya mvua si shida yake kubwa. Anataka kujua inaanza lini na itakatika wapi katikati. Mvua inaweza kutimiza milimita zake zote, lakini ikikauka wiki tatu wakati mahindi yanatoa mbelewele, mavuno hakuna. Taarifa ya msimu ya TMA, ile ya Novemba hadi Aprili, huwa inataja kuanza, kuisha na mtawanyiko. Ila ikishapita redioni, ikapita kwa mtendaji, ikapita kwenye mkutano wa kijiji, mara nyingi kinachobaki ni "wastani hadi chini ya wastani". Kwa hiyo muulize alisikia nini hasa, kwa maneno yake, na ilikuwa kabla au baada ya kununua mbegu. Habari sahihi iliyofika wiki moja baada ya mbegu kununuliwa ihesabu kama haikufika.

Ndiyo maana naipenda mbinu ya PICSA, iliyotoka Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na kufundishwa kwa maafisa ugani hapa kwetu. Inamwonyesha mkulima kwanza historia ya mvua ya eneo lake, mwaka kwa mwaka, ndipo utabiri wa msimu ufuate. Akiona kwenye grafu ni miaka mingapi mvua haikufika kiwango cha zao fulani, neno "wastani" linapata mwili.

Halafu kuna suala la kulinganisha. Wataalamu hupenda kijiji kilichopata taarifa na kijiji ambacho hakikupata. Kwenye karatasi ni safi. Kijijini, mtu ana shemeji ng'ambo ya korongo, wanakutana mnadani, na mwenye redio akianza kupanda mtama, watatu wanamtazama na kufuata. Niliwahi kuhoji "wasiopata taarifa" wakanisimulia utabiri wote, tena kwa ufasaha kuliko waliopata. Muulize kila mtu, popote alipo, alisikia kwa nani.

Na usimhoji mume kwa niaba ya nyumba nzima. Ujumbe wa simu unaingia kwenye simu ya baba, baba yuko kilabuni, na shamba la karanga na njugu mawe ni la mama. Kaa na mama peke yake, na saa ya kukaa naye aichague yeye.

Kwenye daftari langu nina safu tano: alisikia, alielewa, aliamini, alitaka, aliweza. Watu wengi hukwama kwenye ya tano. Mzee mmoja alielewa kabisa kwamba mwaka ule ulikuwa wa mtama wa Macia, unaokomaa mapema. Mbegu dukani imeisha, na hata angeipata, nani angefukuza kwelea kwelea asubuhi mpaka jioni, na watoto wako shule? Akarudi kwenye mahindi. Ukimjumlisha na wale waliopuuza, utakwenda kuboresha redio wakati tatizo liko dukani.

Kuhusu fedha, nitasema kidogo. Hesabu kilichookolewa na kilichopotea: madebe ya mbegu, siku za vibarua, ekari za trekta. Na uhesabu pia mwaka ambao utabiri ulimpeleka kubaya. Ukisema uwezekano ni asilimia 60, umekiri kwamba mara nne kati ya kumi itakuwa vingine, na msimu mmoja hauwezi kukuonyesha hilo. Fuata kaya zilezile misimu mitatu au minne, hata mfadhili akinuna.

Mimi sasa huenda mara tatu kwa msimu. Oktoba, kabla ya mvua, naandika anachokusudia kupanda. Ya pili ni Januari, shamba likiwa la kijani, naangalia alichopanda kweli, na hapo ndipo maelezo ya maana hutoka, kwa sababu mtu anakuonyesha kwa kidole. Ya tatu ni Julai. Wakati huo kumbukumbu za kila mtu zimeshafuata mavuno, aliyevuna anausifu utabiri na aliyekosa anaulaani, kwa hiyo siulizi maoni. Tunahesabu magunia tu, na nikitoka nimebeba karanga.