Kidari cha Moshi kwa Ajili ya Taco

SWALI: Ninaishi Texas. Kila nikipika kidari cha ng'ombe kwa moshi ili nitengeneze taco (chapati ndogo za Kimeksiko zinazokunjwa na nyama ndani), joto la ndani ya nyama hukwama karibu na nyuzi 70 za sentigredi kwa saa nyingi. Nikiongeza moto, nyama hutoka kavu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usiongeze moto. Joto hukwama kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama huipoza unapogeuka mvuke, kama jasho linavyoupoza mwili. Dumisha jiko kwenye nyuzi 110 hadi 120 kwa kuni za mwaloni, kisha, nyama ikishapata ganda jeusi, ifunge kwa karatasi ya buchani isiyo na nta, uiache hadi ifike takribani nyuzi 95 na kijiti kipenye bila kukwama, kwa maana hapo ndipo tishu ngumu zinazounganisha nyama ya kidari zinapokuwa zimeyeyuka na kuwa laini. Ipumzishe saa nzima, tafadhali. Wengi huharibu hapa. Ikate kukingama nyuzinyuzi za nyama, ipange juu ya tortilla, yaani chapati nyembamba, za mahindi zilizopashwa kwenye kikaango kikavu, uongeze kitunguu, kotimiri na ndimu. Jibini si lazima, na mimi siiweki, kwa kuwa huufunika moshi ulioutafuta kutwa nzima.