Kibetri cha rimoti si shilingi mia, jamani

Msomaji wa Urambo kaniandikia: mwanawe kakutwa na rimoti ya feni, mfuniko wa nyuma umetoka, kile kibetri cha duara, bapa kama sarafu, hakionekani. Anauliza kama asubiri kitoke kwa choo. Mdogo wangu, usisubiri! Nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi, haya mengine utasoma njiani.

Mimi nilijifunzia kwa mtoto wa wifi yangu. Tulikuwa Isevya, mjini Tabora, kwenye shughuli, mtoto akaanza kutoka udenda na kukataa uji. Bibi mmoja akasema meno. Mwingine akasema kameza shilingi mia, apewe tonge la ugali mkavu liisukume. Nikakataa, maana nilishaiona rimoti ya zile taa za mapambo imetupwa mkekani, kidroo cha betri hakimo. Nikaitwa mjuaji, mke asiyeheshimu wakwe. Nikambeba mtoto, nikaita bodaboda. Kwenye eksirei likaonekana duara lenye pete mbili ukingoni. Sarafu haina pete hiyo. Betri ikatolewa, na leo mtoto anasumbua nyumba nzima. Asante sijaisikia, lakini tuyaache.

Kibetri cha milimita 20 hukwama kooni kwa mtoto. Mate yakigusa pande zake mbili umeme unapita, panatokea magadi makali yanayounguza nyama, na ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Hata kile kilichoshindwa kuwasha rimoti bado kinaunguza.

Na asali, inasaidia? Hapo Tabora tuna bahati, ipo tele. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa nguruwe wadogo, wakaona inapunguza kuungua. Kama mtoto kavuka mwaka mmoja, bado anameza vizuri na hazijapita saa 12 tangu ameze, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, huku mko njiani. Asali haitoi betri, kwa hiyo usikae nyumbani kulamba asali! Usimtapishe, usimpe chakula kingine. Iliyoingia puani au sikioni usiitilie kitu chochote, kimbia vilevile.

Betri kuukuu zifunge seloteipu pande zote mbili, weka juu kabisa. Na wewe baba unayenunua midoli ya kuimba pale sokoni, igeuze kwanza. Kifuniko kisipokuwa na skrubu, rudisha. Muuzaji atanuna. Anune.