Maswali na majibu: nyumba za koo za Watlingit

Wiki hii maswali yote yanahusu Watlingit, wenyeji wa pwani ya kusini-mashariki mwa Alaska.

Mbona mlango ni mdogo kama wa banda la kuku?
Kwa sababu ya baridi, na kwa sababu ya adui. Anayeingia huinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ndani ni ukumbi mmoja waliokaa watu hata 30 au 50: meko katikati, tundu la moshi paani, na sakafu ya mbao inayopanda kwa ngazi kuuzunguka moto. Kila familia ilikuwa na sehemu yake. Mkuu wa nyumba alikaa nyuma kabisa, kwenye kiambaza kilichochongwa. Wanyonge walilala karibu na mlango, upepo ukiwapiga.

Ilisimamaje bila misumari?
Nguzo nene zilibeba boriti, na mbao za ukutani zilichomekwa kwenye mifereji. Mbao zilisawazishwa kwa tezo, alama zake zikaachwa kama viwimbi. Fundi majahazi wa Lamu angekaa hapo kutwa akizipapasa.

Nani alijenga?
Si wenye nyumba! Watlingit wana pande mbili, Kunguru na Tai. Kunguru akitaka nyumba humwita Tai, kisha humlipa hadharani kwenye karamu kubwa. Ukoo wenyewe hufuata mama, hivyo mvulana alihamia kwa mjomba wake kulelewa. Mluguru hahitaji maelezo zaidi.

Mkuu wa nyumba anaweza kuuza nguzo?
Hawezi, na jambo hili limefika mahakamani. Mwaka 1984 nguzo nne na kiambaza cha Nyumba ya Nyangumi, mali ya ukoo wa Gaanaxteidi, viliondolewa kijijini Klukwan na kupelekwa Seattle. Mwaka 1993 mahakama ya kijiji iliamua virudishwe: mali ya ukoo haiuzwi na wachache, hata kama wamezaliwa humo. Mwaka uliofuata vikarudi.

Nyumba ya Chifu Shakes, Wrangell, ni ya kale?
Jengo lenyewe ni la 1940, lilijengwa kwa kuiga la zamani, likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2013. Nguzo za kale zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Mimi ningeanzia huko.