Tiketi ya barabarani kaunti ndogo Texas: rekodi iko wapi na uishughulikieje

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Ulipewa tiketi ya mwendo kwenye kaunti ya mashambani Texas, karatasi imepotea, tarehe ya kufika mahakamani ikakupita, na sasa DPS (idara ya usalama wa umma ya Texas, inayotoa leseni) wanakunyima leseni mpya huku unajaza fomu ya uraia. Yote yanaanzia kwa mtu mmoja: karani wa mahakama iliyopelekewa tiketi. Ugumu ni kujua ni mahakama ipi.

Jiulize nani aliandika. Kama ni polisi wa mji, tiketi iko mahakama ya mji huo. Kama ni naibu wa sherifu, konstebo au trooper wa DPS (askari wa jimbo wa barabara kuu) mwenye kofia pana, iko kwa Justice of the Peace, jaji wa kesi ndogo wa kaunti, ambaye kila mtu humwita JP. Wengi hukosea hapa: wanapiga simu kwa karani wa kaunti au karani wa wilaya kwa sababu ndio wanaoonekana kwanza kwenye tovuti, wanajibiwa "hatuna kitu", wanakata simu wakidhani tiketi imefutika. Haijafutika. Makarani hao hawatunzi tiketi, ila kama kesi ilikatiwa rufaa kwenda mahakama ya kaunti.

Texas ina kaunti 254, na nyingine ni tupu kweli: Loving County ilihesabiwa watu 64 kwenye sensa ya 2020. Kaunti ndogo inaweza kuwa na JP mmoja tu, au wawili hadi wanne waliogawana maeneo yanayoitwa precinct. Usipojua precinct yako, kumbuka barabara na alama ya maili uliposimamishwa, au mji wa karibu. Karani atajua. Tovuti za mahakama hizi mara nyingi hazina sehemu ya kutafuta kesi. Ni namba ya simu, saa za kazi na kiungo cha kulipia. Kiungo hicho usikiguse bado, nitaeleza chini.

Ukipiga simu, uwe na jina kama lilivyoandikwa kwenye leseni uliyomwonyesha askari, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, jimbo iliyotoka, na mwezi wa tukio. Kwa watu wetu tatizo kubwa ni jina. Mwenye majina matatu anaweza kuwa ameingizwa kwa jina la kati kama ukoo, au la kwanza na la mwisho yamebadilishana. Mwambie karani ajaribu kila mpangilio, kisha atafute kwa namba ya leseni. Tarehe pia: 03/04 kwao ni Machi 4, si Aprili 3. Na wale waliokuja kama wakimbizi wakaandikiwa Januari 1 wawe macho, kwa sababu ndugu na majirani kadhaa wanaweza kuwa na tarehe hiyohiyo pamoja na ukoo mmoja, na tiketi ya mwingine ikakuangukia. Hakikisha namba ya leseni inalingana kabla hujakubali kwamba kesi ni yako.

Kwa anayesoma hapa akiwa na tiketi mpya: ukipiga simu kesho yake huenda usiipate, kwa sababu askari bado hajaiwasilisha. Tarehe ya kufika iliyoandikwa kwenye karatasi inabaki palepale. Piga tena baada ya wiki. Sahihi uliyoweka mbele ya askari si kukiri kosa, ni ahadi ya kufika.

Sasa kile kiungo cha kulipia. Texas, kulipa faini kunahesabika kama umehukumiwa, hata kama hukusema neno. Kabla ya tarehe ya kufika, dereva wa leseni ya kawaida ana haki ya kuomba kozi ya udereva salama ili shtaka lifutwe. Ombi hilo unalipeleka mwenyewe au kwa posta ya "certified mail" yenye risiti ya kupokelewa, ukijibu "no contest" (hukubali kosa wala hulipingi), pamoja na uthibitisho wa bima. Unapewa siku 90 kuleta cheti cha kozi na rekodi yako ya udereva kutoka DPS, ile ya aina ya 3A. Watu huagiza aina nyingine kwa sababu ni rahisi kidogo, karani anairudisha, siku zinaisha. Haki hiyo huna kama ulizidisha maili 25 kwa saa au zaidi juu ya kikomo, kama ulikuwa ukienda maili 95 kwa saa au zaidi, kama ni eneo la ujenzi wafanyakazi wakiwepo, au kama ulishafanya kozi ndani ya miezi 12 iliyopita.

Wenye CDL, yaani leseni ya kuendesha malori na magari makubwa ya biashara, samahani, kozi si yenu, hata kama mlikuwa kwenye gari dogo la nyumbani mkienda kanisani. Sheria ya shirikisho inakataza kuficha hukumu ya dereva wa CDL. Kilichobaki ni kukana kosa na kuzungumza na mwendesha mashtaka wa kaunti kuhusu ushahidi. Ukihukumiwa, mwajiri anatakiwa kujulishwa ndani ya siku 30. Kuzidisha maili 15 au zaidi ukiwa ndani ya lori ni kosa kubwa, na makosa makubwa mawili ndani ya miaka 3 yanakuweka nje ya usukani siku 60.

Kwako wewe uliyepitwa na tarehe, mlango umebana ila haujafungwa. Kama hukumu haijatoka, unaweza kuandika ombi ukieleza sababu, na jaji ana hiari ya kukupa kozi au kuahirisha hukumu hadi siku 180. Kwanza muulize karani kama kuna hati ya kukamatwa. Ikiwepo ya kutofika, na ukaenda mwenyewe kwa nia ya kumaliza kesi kabla hawajakukamata, jaji anatakiwa kuifuta. Huna pesa? Sema hivyo mbele ya jaji. Anaweza kukupa malipo kidogokidogo au kazi za jamii, na kila saa 8 za kazi hizo zinapunguza deni kwa dola 100 au zaidi.

Zuio la leseni linapitia OmniBase, kampuni inayofanya kazi na DPS. Kulipa peke yake hakuliondoi. Karani lazima atume taarifa ya kufunga kesi, nawe ulipe ada ya dola 10 kwa kila kosa lililoripotiwa. Palipo na karani mmoja, akienda likizo taarifa yako inalala mezani. Mwombe aitume ukiwa bado umesimama dirishani, kisha angalia hali ya leseni kwenye tovuti ya DPS baada ya siku chache za kazi. Na usitishwe na uzi wa zamani mtandaoni unaozungumzia ada za kila mwaka za DPS kwa pointi; mpango ule ulifutwa Septemba 1, 2019.

Kuhusu uraia: kujibu "ndiyo" fomu inapouliza kama uliwahi kuandikiwa tiketi, na kuambatanisha karatasi za mahakama, ni vitu viwili. Tiketi unaitaja. Karatasi, kwa maelekezo ya fomu, hazihitajiki kama faini ilikuwa chini ya dola 500, hukukamatwa, na hapakuwa na pombe wala dawa. Hata hivyo ningekuwa nazo mkononi siku ya usaili. Muombe karani "certified disposition" (hati iliyothibitishwa ya jinsi kesi ilivyoisha), kwa maneno hayohayo ya Kiingereza, maana ukiomba "rekodi" atakuchapia risiti. Iwe na namba ya kesi, matokeo, tarehe, sahihi na muhuri. Usiiombe kwa sheria ya taarifa za umma, kwa kuwa rekodi za mahakama haziko chini yake. Barua fupi kwa karani inatosha, pamoja na nakala ya kitambulisho, money order ya ada atakayokutajia, na bahasha yenye stempu na anwani yako. Kama tiketi ni ya zamani na faili limeshaharibiwa kwa utaratibu wao, omba barua yenye muhuri inayosema walitafuta jina na tarehe yako ya kuzaliwa wasipate kitu. Omba nakala mbili, moja ukae nayo.