Bia ya baridi baada ya kazi ya juani: je, inarudisha maji mwilini?

SWALI: Daktari, mimi ni fundi wa kupaua, kazi zangu nyingi ziko Mbagala, Dar es Salaam. Mwezi huu wa Februari juu ya mabati hapakaliki. Tukishuka jioni tunakunywa bia mbili au tatu za baridi, kiu inakatika, kisha nakojoa mara nyingi mkojo mweupe kama maji. Nimesikia kwamba mkojo mweupe ni dalili ya mwili wenye maji ya kutosha, kwa hiyo nasema bia inatosha. Mke wangu anabisha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkeo yuko sahihi, ingawa hoja yako ya mkojo si ya kupuuzwa, kwa sababu siku ambayo hujanywa pombe kipimo hicho hufanya kazi vizuri. Mwili ukipungukiwa na maji, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humwaga kwenye damu homoni iitwayo vasopresini, nayo huziamuru figo zirudishe maji kwenye damu badala ya kuyatoa, ndiyo maana mkojo wa mtu mwenye kiu huwa kidogo na wa rangi nzito. Pombe huizuia tezi hiyo isimwage homoni yake. Figo zikikosa amri huachia maji hata kama mwili unayahitaji, na weupe unaouona baada ya bia unaonyesha kazi ya pombe tu, hauonyeshi kwamba umeshiba maji. Mkojo wa kuupima kwa macho ni ule wa kwanza wa asubuhi.

Tupige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na kwa makadirio ya kawaida kila gramu 10 huongeza mkojo kwa kiasi cha mililita 100. Kwa haki ya bia, basi, haikunyang'anyi maji yote uliyokunywa. Sehemu yake hubaki. Lakini mtu anayefanya kazi nzito kwenye jua kali anaweza kutokwa na jasho la lita 1 kwa saa, wakati mwingine zaidi, na jasho hilo huondoka na chumvi ambayo bia haina ya kutosha kuirudisha. Unashuka darini ukiwa na deni la lita kadhaa, halafu unalilipa kwa kinywaji kinachovuja njiani. Kiu nayo hukudanganya, kwani ubaridi unapogusa kinywa na koo huizima kabla maji hayajaingia kwenye damu. Pombe kali ni mbaya zaidi, maana alkoholi yake ni nyingi na maji yake ni machache.

Upande wa pili ni joto lenyewe. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwa kutoa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka. Katika unyevunyevu wa pwani yetu sehemu kubwa hudondoka chini bila kukufaa kitu. Wakati wa joto kali mishipa ya ngozi tayari imetanuka, na pombe inapoitanua zaidi presha hushuka, moyo hulazimika kwenda mbio, na mtu aliyeinuka ghafla kutoka kwenye benchi huona giza. Kwa mtu wa kazi yako, giza hilo likimkuta kwenye ngazi, habari ni nyingine kabisa.

Usisahau pia kwamba ini huhitaji saa 2 hadi 3 kumaliza pombe ya chupa moja. Chupa tatu za saa tatu usiku zinaweza kuwa bado hazijaisha saa kumi na mbili asubuhi unapopanda paa, na anayezimua kabla ya kazi anaanza siku akiwa tayari na upungufu.

Ushauri wangu ni kwamba unywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na ukishuka uanze na maji na chakula chenye chumvi. Mihogo ya kuchoma yenye chumvi na ndimu inafaa sana. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo lisikufanye uache chumvi. Ukitaka bia, isubiri mpaka umekojoa vizuri, na iwe moja. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza au metformini ya kisukari azungumze kwanza na anayemtibu.

Lakini jambo linalonitia hofu zaidi hukuliuliza. Nikiwa zamu mchana mmoja, vijana walimleta mwenzao ambaye walikuwa wamemlaza chini ya kibanda cha mabati kwa saa nzima, wakisema amelewa, aachwe alale. Kweli alinukia pombe. Lakini ngozi yake ilikuwa ya moto kama chuma kilichoanikwa, maneno yake hayakueleweka, na kipimajoto kilisoma zaidi ya nyuzi 41. Kile kilikuwa kiharusi cha joto, hali ambayo mwili hushindwa kabisa kujipoza na ubongo huanza kuathirika. Kuyumba, kutapika, ulimi mzito na kuchanganyikiwa ni dalili za ulevi na pia ni dalili za joto, na harufu ya pombe haikwambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo mkimwona mwenzenu hivyo siku ya joto, mguseni kifuani na mgongoni. Akiwa wa moto, mchukulieni kuwa ni mgonjwa wa joto hata kama mmehesabu chupa zake: mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, wekeni barafu au vitambaa vilivyoloweshwa shingoni, makwapani na kwenye nyonga, na tafuteni usafiri wa kwenda hospitali bila kuacha kumpoza njiani. Kama hajitambui, alazwe ubavu na asinyweshwe chochote. Msimpe parasetamoli, kwa sababu haishushi joto la aina hii, na ini lake tayari lina kazi ya kutosha.