Maswali ya wasomaji: Bangili yangu ya Kimisri mbona inatoka kama ya Kimasai?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nipo Mbeya, Mwanjelwa, kazi yangu kusuka nywele ila pembeni natengeneza bangili za shanga. Niliona picha za vitu vya Tutankhamun, yule Farao wa Misri ya kale, kwenye simu nikapagawa kabisa, nikasema lazima nitoe bangili za Kimisri niziuze Nane Nane pale John Mwakangale. Nimetumia shanga za bluu, nyekundu na gold, safu 5 kwenye lastiki, katikati nikaning'iniza lile jicho lao. Sasa safu zinapandiana zinajikunja, mbili zimeshakatika wateja wamezirudisha, halafu dada mmoja kaniambia mbona hii ya Kimasai tu na mwenzake akadakia hapana hiyo ya Freemason. Nimeishiwa nguvu anti, nakosea wapi?
Msusi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, ila hapo kwa Freemason nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Tuanze na hilo hilo maana ndipo ulipoteleza. Wewe umeanzia kwenye jicho. Wamisri wa kale walilivaa sana kama kinga, ni jicho la Horus, lakini jicho likining'inia kwenye bangili yoyote ile bangili haigeuki kuwa ya Kimisri, inakuwa bangili yenye jicho, na kwa huku kwetu utakuwa unatoa ufafanuzi badala ya kuuza. Litoe. Ukitaka pambo weka yungiyungi, ua walilolipenda mno, au kipepeo. Tena kipepeo kina heshima yake, mama yake Farao Khufu, yule wa piramidi kubwa, aliitwa Hetepheres na vitu vyake vilipatikana Giza mwaka 1925, zikiwemo bangili za fedha zenye vipepeo vya mawe ya rangi. Na enzi hizo Misri fedha ilikuwa adimu kuliko dhahabu.

Haya, kinachofanya kazi yao uitambue ukiwa mbali ni kunyooka. Safu zinalala sambamba kama mistari ya daftari, hazipandiani, na siri yake ni vijiti vyenye matundu vinavyokatiza safu zote kila baada ya hatua kidogo, kila uzi unapita kwenye tundu lake. Wewe huna hivyo vijiti ndio maana zinapigana. Usihangaike kuagiza Kariakoo, sisi huku Iringa mianzi imejaa, chukua mwanzi uliokauka vizuri, chonga kijiti cha upana wa milimita 3 hivi, urefu utoshe safu 5, toboa matundu 5 kwa sindano iliyopashwa moto, pole pole maana ukilazimisha unapasuka, sugua na msasa halafu paka rangi ya kucha ya gold mara mbili. Mtu hatajua.

Vipimo sasa. Tuseme mkono ni sentimita 16, ongeza moja na nusu ya kupumua inakuwa 17.5, toa 2 za kifungio, umebaki na 15.5 za kutunga. Weka vijiti 6, viwili vya mwisho na vinne vya kati, vyenyewe vinakula kama 1.8, kwahiyo una vyumba 5 vya sentimita 2.7 kila kimoja. Kila safu ndani ya chumba iwe na idadi ile ile ya shanga, na kabla hujatunga mwaga shanga kwenye sinia uchague, nene weka huku nyembamba kule, kwasababu ukichanganya kijiti kitalala upande na kazi yote itaonekana ya mtoto wa chekechea. Hapa usiwe mvivu.

Lastiki acha. Lastiki ni ya bangili ya safu moja ya mtoto. Tumia uzi wa nailoni, upake nta ya nyuki, pitisha mara mbili kila safu, na mwisho wa uzi usikate hapo hapo kwenye fundo, urudishe ndani ya shanga kadhaa ndio ukate. Na kama ulichanganya zile shanga ndefu kama vipande vya mrija basi mchawi wako ndio huyo, midomo yake inakata uzi kama wembe, weka shanga ya duara kila upande wake.

Rangi umepatia, ila umezimwaga kama unatunga za kiunoni. Bluu iliyokoza ilikuwa ya jiwe la lazuli lililotoka mbali huko Afghanistan, feruzi, ile bluu inayoelekea kijani, ilitoka Sinai, nyekundu ni jiwe la akiki. Wewe feruzi huna kabisa! Iongeze, nyekundu ipunguze ndipo Umasai utaondoka. Halafu rangi zao hazigusani hovyo, katikati unapita mstari mwembamba wa dhahabu, kwahiyo chumba kimoja bluu tupu, gold, kinachofuata feruzi, gold, ndio akiki, unarudia hivyo hivyo. Na usione aibu kwamba shanga zako ni za kioo, kinyago cha dhahabu cha huyo huyo Tutankhamun, ile mistari ya bluu ya kwenye kilemba ni kioo. Hata watu wa kawaida walivaa shanga za mchanga uliosagwa na kuchomwa, shaba ndio iliyoupa rangi ya feruzi.

Wale wateja wawili watengenezee upya bure, usiwaambie habari za mama Khufu mpaka bangili iwe mkononi. Ndaga fijo kwa kuandika.

SWALI: Anti mambo, shanga zangu za gold zinachujuka wiki mbili tu zinakuwa nyeupe. Makambako.

JIBU: Poa mdogo wangu, hata "shikamoo" hamna siku hizi! Hizo ni plastiki iliyopakwa, jasho na losheni vinaibandua. Nunua za shaba ya njano, zikififia unazifuta na kitambaa kikavu zinarudi. Na mteja umwambie ajipake mafuta na pafyumu kwanza, vikauke, bangili avae mwisho, akienda kuosha vyombo aivue.