Sensa za upepo kwenye seti ya pili ya rimu: mimi nanakili namba

Mkuu, umeuliza kama ukinunua rimu za pili kwa ajili ya matairi ya theluji ni lazima uweke na sensa za upepo, vile vidude vya ndani ya tairi vinavyopima upepo, au uiache tu ile taa ya njano ya dashibodi iwake hadi msimu uishe kama anavyofanya rafiki yako. Jibu fupi: weka sensa, ila nunua zile tupu zinazoandikwa namba, na fundi anakili humo namba za sensa ulizo nazo sasa. Nimetumia seti yenye namba zake yenyewe, nikaja kutumia iliyonakiliwa, na ile ya kwanza sirudii tena. Jibu refu ni hili hapa.

Kwanza jua gari lako lina mfumo gani, usije ukahangaikia kitu ambacho hakimo. Kuna magari ambayo ndani ya tairi hamna sensa kabisa. Kompyuta ya breki za ABS ndiyo inayohesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi likipungua upepo, kimo chake kinashuka kidogo, linalazimika kuzunguka haraka kuliko wenzake, na taa inawaka. Volkswagen na Mazda nyingi za miaka ya karibuni ziko hivi. Kama lako ni la aina hiyo, funga rimu yoyote inayokaa, jaza upepo, bonyeza kitufe cha kuseti upya au ingia kwenye menyu, kazi imeisha, husomi tena hapa. Ila ujue mfumo huo unaishi kwa kulinganisha tairi na tairi. Yote manne yakishuka kwa pamoja, na baridi inapoingia ndivyo inavyokuwa, mifumo ya zamani ya aina hii haioni kitu. Kwa hiyo geji ya mkononi ni lazima.

Kutambua ni rahisi. Skrini ikikuonyesha upepo wa kila tairi kwa namba, una sensa. Ukiona valvu ya chuma yenye nati pale inapotokea kwenye rimu, karibu hakika una sensa. Valvu ya mpira haithibitishi kitu, kwa sababu ziko sensa zinazofungwa kwenye valvu ya mpira pia.

Sasa tuje kwenye sensa zenyewe. Ni kidude cha plastiki kilichofungwa nyuma ya valvu, ndani ya tairi, chenye betri iliyozamishwa kwenye gundi ngumu. Betri hiyo haibadilishwi. Ikifa, baada ya miaka 5 hadi 10 hivi, unanunua sensa nzima. Kila sensa ina namba yake isiyofanana na nyingine, na gari limekariri namba nne tu, au tano kama tairi la akiba nalo limo. Ukifunga rimu zenye sensa ngeni, gari linatafuta zile za zamani, halizipati, na taa inapepesa kwa dakika moja au moja na nusu kisha inatulia ikiwa imewaka. Kupepesa huko maana yake mfumo una hitilafu. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, hapo upepo umepungua. Wengi hawazitofautishi, na ndiyo maana mtu anakimbilia pampu wakati tatizo ni namba.

Ukinunua seti yenye namba zake, kila msimu lazima ulifundishe gari upya. Ugumu unategemea gari. Mengine yanajifunza yenyewe ukiendesha dakika kumi au ishirini, na hao wenye nayo hawana shida. Mengi ya General Motors (GM) unayaweka kwenye hali ya kujifunza, unazunguka na kifaa cha kuamsha sensa kuanzia gurudumu la mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, unamalizia nyuma kushoto, na honi inalia kila moja ikisomwa. Mengine, Toyota nyingi za zamani zikiwemo, namba zinaingizwa kwa mashine kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupima gari, chini ya usukani. Yaani unabadilisha magurudumu mwenyewe nyumbani vizuri kabisa, halafu bado unapanga foleni kwa fundi ili mashine ichomekwe. Mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo nilipochoka.

Kunakili kunaondoa hayo yote. Fundi anasogeza kifaa karibu na valvu ya tairi la sasa, sensa inaamka na kutaja namba yake, kisha namba hiyo hiyo inaandikwa kwenye sensa tupu. Zikifika nne, gari halijui kama kuna seti mbili. Unafungua nati, unabadilisha, unaondoka. Mambo ya kuangalia ni machache. Masafa yafanane na ya gari lako, kwa kawaida 315 MHz kwa magari ya Marekani na 433 MHz kwa ya Ulaya, hasa kama gari limevuka bahari. Sensa ya mbele kushoto inakiliwe kwenye gurudumu litakalokaa mbele kushoto, vinginevyo skrini itakwambia tairi la kulia lina pancha wakati ni la kushoto. Na usibebe seti ile nyingine kwenye buti, maana sensa mbili zenye namba moja ndani ya gari moja ni kutafuta usumbufu.

Kabla hujalipia lolote, pekua kitabu cha gari au chungulia chini ya dashibodi. Baadhi ya Toyota na Lexus zina swichi ya kuchagua seti kuu au ya pili, na namba za seti zote mbili zinahifadhiwa. Ukiwa nayo, huna haja ya kunakili chochote.

Kuna anayeshauri uhamishe sensa zako kutoka rimu hadi rimu kila msimu. Hapana. Kila tairi linapovuliwa, lile bapa la mashine linapita sentimita chache kutoka kwenye sensa, na fundi mwenye haraka akianzia upande wa valvu anaivunja. Gharama za kuvua na kuvalisha zitakumaliza kabla hata hujavunjiwa moja. Kuna na ule ujanja wa kufungia sensa nne ndani ya bomba la plastiki, unalijaza upepo, unaliweka kwenye buti. Gari linaridhika, na wewe unaendesha kwenye barafu ukisomewa upepo wa bomba. Mtu akijisifu kwa hilo mimi nanyamaza tu.

Kuhusu kuiacha taa iwake: rafiki yako hajakosea kwamba gari litatembea. Lakini taa ikishawaka miezi minne, siku tairi linavuja taratibu kutokana na msumari haina kipya cha kukwambia. Pia angalia sheria za unapoendesha. Marekani mfumo huu umekuwa lazima kwa magari madogo mapya tangu Septemba 2007, baada ya ajali za Ford Explorer na matairi ya Firestone kulisukuma Bunge kupitisha sheria mwaka 2000. Umoja wa Ulaya uliufanya lazima kwa magari yote mapya madogo ya abiria kuanzia Novemba 2014. Uingereza, gari lililoanza kutumika 1 Januari 2012 au baadaye linafeli ukaguzi wa MOT kama taa inaonyesha hitilafu.

Sasa sehemu ambayo wauzaji hawaitaji: valvu. Sensa nyingi zina valvu ya alumini, na barabara za msimu huo zimejaa chumvi. Sindano ya ndani ya valvu hiyo inatakiwa iwe ya shaba iliyopakwa nikeli. Ukiweka ile ya kawaida ya rangi ya dhahabu, shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi zinalana. Nimeona gurudumu la jirani yangu: kifuniko kizuri cha chuma, kinang'aa, na kwenye ukingo wake unga mweupe kama chokaa umejikusanya. Fundi alijaribu kwa vidole, hakikutoka. Akachukua koleo, akazungusha, kikakatika pamoja na nusu ya valvu, na upepo wote ukatoka kwa mlio mmoja. Sensa nzima ikaenda na maji kwa ajili ya kifuniko cha urembo. Weka vifuniko vya plastiki, basi. Na tairi likivuliwa kwa sababu yoyote, mwambie fundi abadilishe ile seti ndogo ya mpira, nati, sindano na kifuniko. Ni vitu vidogo, ila mpira wa zamani ndio unaovuja.

Jambo jingine, usitegemee sensa ikufanyie kazi ya geji. Chukua tairi ulilojaza psi 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20. Lilaze nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi utakuta kama psi 28. Halijavuja, hewa imesinyaa tu. Lakini kwa kanuni ya Marekani taa inangoja hadi upungufu ufike asilimia 25, yaani chini kidogo ya psi 25. Kwa hiyo unaweza kuendesha wiki nzima ukiwa na pengo la psi 5 na dashibodi imetulia. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwa geji, na jaza kufuata kibandiko cha mlangoni. Ukilazimika kujazia ndani penye joto, ongeza takriban psi 2 kwa kila nyuzi 10 za tofauti kati ya humo ndani na nje.

Mwisho, umesema gari lina miaka saba na sensa ni zile za kiwandani. Basi nenda ukasomewe namba sasa, hata kama rimu bado hujanunua, na uombe zichapishwe kwenye karatasi. Betri zikishakufa kifaa hakitasikia kitu, na namba utaanza kuzitafuta ndani ya kompyuta ya gari, kama inakubali kuzitoa. Taja aina na mwaka wa gari lako hapa, wenye kama hilo watakwambia kama lina ile swichi ya seti ya pili.